Kistari Kilichoondolewa kwenye A: Uchambuzi wa Nembo ya NASA ya Mwaka 1975

Mwaka 1974 wasanifu wawili wa New York, Richard Danne na Bruce Blackburn, waliwapelekea wakuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, pendekezo la nembo mpya. Haikuwa na nyota, sayari wala roketi. Ilikuwa na herufi nne tu za jina la shirika, zimechorwa kwa mstari wa unene mmoja unaopinda bila kona kali, na zile A mbili hazikuwa na kistari cha katikati. Danne alisimulia baadaye kilichotokea mezani. Mkuu wa NASA wakati huo, James Fletcher, alizitazama akasema hajatulia nazo, kuna kitu kinakosekana. Naibu wake, George Low, akamwambia kinachokosekana ni kistari cha kwenye A. Fletcher akakubali kwamba hicho ndicho kinachomsumbua. Low akamuuliza kwa nini. Fletcher akajibu kwamba anaona kama hawapati thamani ya pesa yao.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa ili watu wamcheke bosi asiyejua usanifu. Mimi nadhani Fletcher aliuliza swali zuri kuliko wote waliokuwa chumbani. Alikuwa mwanafizikia, mtu wa kutaka kujua kila kitu kinafanya kazi gani kabla hakijawekwa au kutolewa. Na kila fonti ya kijiometri yenye sura ya kesho inapaswa kuulizwa vivyo hivyo: umeondoa sehemu ya herufi ambayo msomaji ameizoea tangu darasa la kwanza, je, umemrudishia nini? Nembo ya NASA ina jibu, tena jibu zuri. Fonti nyingi zilizofuata nyayo zake hazina, na mabango mengi yanayotundikwa mitaani kwetu kwa fonti hizo hayana kabisa.

Mstari mmoja, ncha mbili

Chukua kalamu uchore N ya nembo hiyo. Unaanzia chini kushoto, unapanda, unapinda juu, unashuka kimshazari, unapinda tena chini, unapanda hadi juu kulia. Kalamu haijainuka. S ni hivyo hivyo, mstari unaokwenda na kurudi kwa mipindo miwili. A inapanda, inazunguka kileleni, inashuka. Sasa jaribu kurudisha kistari cha A. Papo hapo unalazimika kuinua kalamu na kuanza upya, na katika nembo nzima hapo tu ndipo mistari miwili inapogongana. Kwa hiyo hakikuondolewa ili A ionekane ya ajabu. Kiliondolewa kwa sababu ndicho kitu pekee kilichovunja kanuni ambayo herufi nyingine zote zilikuwa zinaifuata, kwamba kila herufi ni utepe mmoja usiokatika.

Hapo wasanifu walikuwa na bahati ya jina. N, A na S zote zinaikubali kanuni hiyo. Jina lingekuwa na K, T au H, ingevunjika siku ya kwanza. (Shirika lililoitangulia NASA, lililoanzishwa mwaka 1915, liliitwa NACA, na herufi zake nazo zingekubali bila shida yoyote.) Lakini bahati haitoshi kueleza kwa nini msomaji hapotei. Sababu iko kwenye alfabeti yenyewe. Hakuna herufi kubwa nyingine ya Kilatini yenye kilele juu na miguu miwili chini. Ukikiondoa kistari cha A, jicho halina herufi nyingine ya kuishuku. Ukiondoa kistari cha H unabaki na nguzo mbili zisizo na maana. Ukiondoa mkia wa Q unapata O, ukiondoa mguu wa R unapata P, ukikata ulimi wa G unapata C. Kistari cha A kinabeba mzigo mwepesi kuliko vistari hivyo vyote, na ndiyo maana waliweza kukitoa jina likabaki salama.

Kuna na jambo la tatu, ambalo huonekana tu ukiitazama nembo kwa mbali. A zipo nafasi ya pili na ya nne. Kila moja inaacha pembetatu nyeupe iliyo wazi chini, na kati yao imekaa S ambayo nafasi zake nyeupe zinafunguka kulia na kushoto. Weupe unatoka chini, unaingia kando, unarudi chini. Jina linapata mwendo. Weka vistari kwenye A na pembetatu hizo zinafungwa na kuwa madoa mawili madogo, mwendo unakatika. Fletcher angeelezwa hivi huenda angeona pesa yake imekwenda wapi.

Herufi za mstari wa unene mmoja hazikuanzia hapo. Herbert Bayer alizijaribu kwenye shule ya usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, mwaka 1925, Paul Renner akatoa fonti ya Futura mwaka 1927. Sura ya "kesho" iliyozoeleka zaidi kabla ya NASA ilitoka Turin, Italia, kwenye kiwanda cha herufi cha Nebiolo: Microgramma ya mwaka 1952, ya Alessandro Butti na Aldo Novarese, kisha Eurostile ya Novarese peke yake mwaka 1962. O zake si duara wala mraba, ni umbo la skrini ya televisheni za zamani, pande zimevimba kidogo na kona zimelainishwa. Mwaka 1967 Mholanzi Wim Crouwel akaenda mbali zaidi na alfabeti iliyojengwa kwa mistari iliyonyooka tu, ili iendane na skrini za mashine za kupanga herufi za wakati ule. Ilikuwa jaribio, na baadhi ya herufi zake huwezi kuzitambua mpaka uelekezwe. Danne na Blackburn hawakuchukua skrini wala mashine. Walichukua kitu kinachotiririka, na nadhani ndiyo sababu nembo yao haijachakaa jinsi mitindo ya kompyuta za miaka ya 1960 ilivyochakaa.

Ilikuja kuchukua nafasi ya nini

Mwaka 1972, chini ya Rais Richard Nixon, mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ulianzisha mpango wa kuboresha usanifu wa idara za serikali, kuanzia barua na ripoti hadi vibao vya majengo. NASA ilikuwa miongoni mwa zilizoingia. Nembo yake ilikuwa ile iliyochorwa na James Modarelli, mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha Lewis huko Cleveland, Ohio, mwaka 1959: duara la bluu lenye nyota, njia ya chombo kinachozunguka, bawa jekundu linalolikata duara, na jina NASA katikati. Baadaye ilipewa jina la utani la Kababu, na mpya ikaitwa Mnyoo, kwa dharau kwanza, kisha kwa mapenzi.

Kwa mchapaji, Kababu ni mateso. Ina rangi tatu, nyota ndogo ndogo, na mstari mwembamba wa njia ya chombo. Ichape kwa rangi moja kwenye fomu ya ofisi, au ipitishe kwenye mashine ya kunakili ya miaka ya 1970, nyota zinakufa na mstari unakatika. Ikuze ubavuni mwa ndege, mtu aliye mbali anaona duara la bluu tu. Mnyoo ni rangi moja. Unene wake ni ule ule kila mahali, kwa hiyo ukipunguzwa hakuna kinachopotea kabla ya kingine.

Lakini nembo si kazi ya mchapaji peke yake. Waliokuwa ndani ya NASA walikuwa wamefanya makubwa yao yote chini ya duara lile. Apollo 11 ilitua mwezini Julai 1969. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka ya uhuru wake, jukwaa la San Marco lililo baharini upande wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, lilirusha setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Mtu aliyeshiriki mambo kama hayo haangalii nembo kwa jicho la mchapaji. Anaangalia miaka yake ya kazi.

Na watu hao hawakuulizwa. Mnyoo ulipoanza kutumika mwaka 1975, vituo vya NASA vilivyotawanyika majimboni viliupokea kama jambo lililokwisha kuamuliwa makao makuu. Hapa siko upande wa wasanifu hata kidogo. Unaweza kuwa na herufi bora kuliko zote, lakini ukizipeleka kwa watu kama tangazo la bosi, watazisoma kama tangazo la bosi. Uhasama dhidi ya Mnyoo ulizaliwa hapo, kabla mtu hajapata muda wa kuangalia mpindo wa S.

Jalada la pete

Watu wanapouzungumzia Mnyoo wanazungumzia herufi nne. Kazi yenyewe ilikuwa kitabu. Januari 1976 NASA ilitoa mwongozo wa matumizi uliofungwa kwenye jalada la pete, ili kurasa ziweze kuongezwa kadiri mahitaji yanavyojitokeza. Ndani yake mna barua, bahasha, majalada ya ripoti, vibao vya majengo, magari, ndege, beji, hadi vyombo vya anga vya Shuttle. Kuna ukurasa wa matumizi yaliyokatazwa. Kuna vipimo vya wapi jina linakaa na nini kinaruhusiwa kulikaribia.

Ukiufungua leo (ulichapishwa upya baada ya kampeni ya michango ya mwaka 2015 iliyoongozwa na wasanifu Jesse Reed na Hamish Smyth), angalia jinsi majina ya vituo yalivyoandikwa. Jina la kituo cha Johnson cha Houston halikuandikwa kwa herufi za Mnyoo. Limeandikwa kwa Helvetica, fonti tulivu isiyotaka kuonekana. Kichwa cha barua kiko hivyo, kibao cha mlangoni kiko hivyo. Zile herufi za utepe zinatokea mara moja, kubwa, zikiwa na nafasi tupu pande zote, halafu maneno mengine yote yanaachiwa fonti ya kusomeka.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Danne na Blackburn walikuwa na umbo la kuvutia ambalo mtu yeyote angeshawishika kulitandaza: vichwa vya habari kwa herufi za utepe, majina ya vyombo kwa herufi za utepe, tarehe kwa herufi za utepe. Hawakufanya hivyo hata ukurasa mmoja. Walijua kwamba herufi iliyopunguzwa inamdai msomaji kazi kidogo ya ziada, na kazi hiyo unaweza kumdai mara moja kwa jina analolijua. Ukimdai kwa kila neno, anaacha kusoma.

Kwa namna hiyo Mnyoo ulipanda kwenye Shuttle, kwenye magari, kwenye kofia za wafanyakazi. Mwaka 1984 mpango huo wa usanifu ukapewa tuzo ya rais, wakati wa Ronald Reagan. Darubini ya Hubble iliporushwa Aprili 1990 ilikwenda na Mnyoo ubavuni.

1992, na baada yake

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka na kuua wanaanga saba. Mwaka 1990 iligundulika kwamba kioo cha Hubble kilinolewa kimakosa. Mwaka 1992 Daniel Goldin alipochukua uongozi alikuta shirika limevunjika moyo. Mei mwaka huo alikwenda kituo cha Langley, Virginia, kituo kikongwe kuliko vyote, akashauriwa kwamba kurudisha Kababu kungewainua watu. Akatangaza hivyo mbele ya wafanyakazi. Walishangilia.

Sioni kosa katika uamuzi ule kama uamuzi wa kiongozi. Kababu ilikuwa inabeba mwezi, Mnyoo ulikuwa umelazimika kubeba Challenger. Ila tusichanganye mambo: hakuna aliyekuja na hoja kwamba herufi hazisomeki, kwamba zimeshindwa kuchapika, au kwamba ubavu wa chombo haukuzipokea. Zilihukumiwa kwa kilichotokea zikiwepo. Wasanifu wa fonti hukutana na hukumu za namna hii mara nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Umbo likishakutana na umma, nusu ya maana yake inatoka kwenye matukio, na msanifu hana mkono kwenye matukio.

Hubble ilibaki na Mnyoo wake angani, maana hakuna mtu wa kwenda kuipaka rangi upya kwa ajili ya nembo. Na nje ya NASA watu walianza kuutamani, hasa vijana ambao Challenger waliisoma vitabuni. Tarehe 30 Mei 2020 roketi ya Falcon 9 iliwabeba wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley kutoka Florida, safari ya kwanza ya wanaanga kwenda kuizunguka dunia kutoka ardhi ya Marekani tangu Shuttle zistaafu mwaka 2011, na ubavuni mwake Mnyoo mwekundu ulikuwa umesimama wima. Novemba 2022 ulionekana tena kwenye roketi ya Artemis I. Kababu imebaki kuwa nembo rasmi, kwenye barua na majukwaa. Mnyoo umepewa kazi ya kukaa kwenye vitu vikubwa vinavyoonekana kwa mbali. Kwa maoni yangu huu ndio mgawanyo wa kazi uliopaswa kuwepo tangu mwanzo, na ungewekwa mwaka 1975 huenda ugomvi wote usingekuwepo.

Herufi tatu zikifanywa ishirini na sita

Katika miaka ya 1990 msanifu wa Kanada, Ray Larabie, alitengeneza fonti aliyoiita Nasalization, iliyochukua mwendo wa Mnyoo na kuueneza kwenye alfabeti nzima. Inatambulika duniani kote, na kwa kazi yake ni fonti iliyofikiriwa vizuri. Nyingine nyingi zimefuata njia jirani. Orbitron ya Matt McInerney, ya mwaka 2009, inapatikana bure, na anayetaka bango lenye sura ya teknolojia huikuta mapema sana kwenye orodha ya fonti za bure.

Tazama msanifu wa fonti kama hizi anakabiliwa na nini. Mnyoo ulimpa herufi tatu tu: N, A, S. Zilizobaki lazima azibuni, na nyingi zinakataa ile kanuni ya utepe mmoja. E inaweza kugeuzwa vistari vitatu visivyo na nguzo, na bado ikasomeka. B haiwezi, ukifungua matumbo yake inakuwa 3 au E. K lazima iwe na mahali mistari inapokutana. M na W zinahitaji upana ambao unavunja mdundo wa jirani zake. Kwa hiyo msanifu analegeza kanuni hapa, anaikaza pale, na fonti inakuwa na herufi za aina mbili: zile zinazotiririka na zile zilizolazimishwa. Ukiandika neno lenye nyingi za aina ya kwanza linapendeza. Ukiandika lenye nyingi za aina ya pili, linaonekana kama limeunganishwa kutoka fonti mbili.

Halafu inakuja lugha. Fonti hizi kwa kawaida hupimwa kwa maneno ya Kiingereza, na Kiswahili kina mgawanyo wa herufi ulio tofauti sana. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, na A ndiyo inayotawala. BARABARA ina A nne katika herufi nane. DALADALA ni hivyo hivyo. NASA yenyewe ina nusu yake A, lakini ni herufi nne tu, na imewekwa peke yake. Sisi tunapata uwiano kama huo katikati ya sentensi.

Chukua maneno ambayo yako kila mtaa: DUKA LA DAWA. Herufi kumi, A nne. Yaandike kwa fonti inayotoa kistari:

DUKΛ LΛ DΛWΛ

Anza na LΛ. L imeacha nafasi tupu juu kulia, A imeacha nafasi tupu juu kushoto, na miguu yao inagusana chini. Katikati kunakuwa na shimo kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya neno na neno. Jicho linaweza kuikata LA vipande viwili na kuibandika L kwenye DUKA. Fonti zilizotunzwa zina marekebisho ya nafasi kwa jozi kama hizi, nyingi za bure hazina. Na jozi zenyewe ngumu, ambazo mpanga herufi yeyote duniani atakutajia kwanza, ni TA, VA, WA na YA. Kwetu hizo si jozi za nadra. WA na YA zimo karibu katika kila kibao.

Sasa nenda kwenye DAWA. A isiyo na kistari, kisha W, kisha A nyingine isiyo na kistari: Λ, W, Λ. Mistari yote ni mishazari, inapanda na kushuka bila kituo, inakuwa msumeno. Kistari cha A ndicho kingekuwa kitu pekee cha mlalo katika herufi hizo tatu, ndicho kingelionyesha jicho herufi moja inaishia wapi. Hapa mzigo wake si mwepesi tena. Ongeza D: katika fonti zenye umbo la skrini, D na O hutofautiana kwa kona za kushoto tu. Kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara saa moja jioni, anatafuta dawa ya mtoto, neno hilo limekuwa duara na msumeno.

Namba ni mbaya zaidi, kwa sababu neno unaweza kulikisia lakini namba huwezi. Katika maumbo haya ya kona zilizokatwa, 6, 8 na 9 zinatofautiana kwa upenyo mdogo mmoja au miwili. Upenyo ukizibwa na vumbi, au na stika iliyokatwa vibaya, mteja anapiga simu kwa mtu mwingine au analipa kwenye namba isiyo ya duka. Na ile alama ya juu katika NG': fonti nyingi za namna hii zimeichora kama kijiti kilichosimama mbali, hivyo NG'OMBE inasomeka kama maneno mawili.

Pamoja na hayo, ningesikitika kama msomaji angeondoka hapa akidhani nasema zikatazwe. Kuna kazi moja ambayo herufi za utepe zinaifanya kuliko herufi nyingine zote, na ni kazi iliyoenea miji yetu: taa za neoni za LED ukutani kwenye saluni, kinyozi na migahawa. Mpira ule wa taa unapindwa kipande kimoja. Herufi inayochorwa bila kuinua kalamu ni kipande kimoja, waya mmoja, bila kuunganisha katikati. A yenye kistari inadai kipande cha pili na sehemu nyingine ya kuharibika. Kanuni ya mwaka 1974 iliyozaliwa kwenye karatasi inarudi kuwa kanuni ya fundi. Jina la kinyozi lenye herufi tano, juu ya kioo, likiwaka jekundu kwa utepe mmoja unaopinda, ni kitu kizuri, na kimejibu swali la Fletcher kwa haki. Jezi za timu, jina la tamasha, jalada la muziki: hizo nazo ni sehemu zake.

Kwa DUKA LA DAWA ningeziacha A zote nne na vistari vyake, na kukishusha kila kistari kidogo chini ya katikati ili bango lipate mstari mmoja wa mlalo unaolishika. LA ningeisogeza kwa mkono. D ningeipa kona kali mbili za kushoto hata kama fonti haizitaki. Sura ya anga, kama mwenye duka bado anaitaka, ingekaa kwenye U na kwenye mpindo wa D, ambako haimdai msomaji chochote, na namba ya simu chini yake ningeiandika kwa Helvetica.